Neno Lililoanzia Makaburini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, wala mfalme mwenye binti mmoja asiyecheka. Ina neno. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lina herufi nne tu: pest.

Mliosoma vitabu vya sayansi mnalifahamu. Mmeona picha ya panya, picha ya nzige, picha ya dumuzi aliyetoboa punje ya hindi, na neno hilo limeandikwa juu yake. Huyo dumuzi alipoingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima walimpa jina la lori, wakamwita Skania, kwa hiyo msifikiri ni mdudu wa kudharauliwa. Lakini wale mnaopenda filamu mmelisikia neno hilohilo kwa namna nyingine kabisa. Dada anajiandaa kutoka, mdogo wake amemng'ang'ania sketi anataka wafuatane, dada anageuka kwa hasira na kumwita hivyo. Hamwiti mdudu. Anamwambia tu, we mtoto, unanichosha.

Basi tujiulize. Mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga kabla halijafika mashineni, na mtoto wa miaka mitano anayetaka kupelekwa dukani, wamekutana wapi hata wakapewa jina moja?

Walikutana makaburini.

Warumi wa kale walikuwa na neno pestis, maana yake tauni, au maradhi yoyote yanayozoa watu kwa wingi. Wafaransa wakalirithi wakaliita peste, na katika karne ya 16 Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa. Wakati huo hakuna mtu aliyelitamka akicheka. Mwaka 1347 meli zilitia nanga katika kisiwa cha Sicily zikiwa na wagonjwa na maiti, na ndani yake panya, na katika manyoya ya panya viroboto. Viroboto ndio waliokuwa na mzigo wenyewe. Kufikia 1351 tauni ilikuwa imepita karibu Ulaya yote, na wanahistoria wanakadiria kuwa iliua theluthi moja ya watu au zaidi. Hebu chukueni darasa lenu, mhesabiane moja, mbili, tatu, na kila wa tatu atoke nje asirudi. Ndivyo ilivyokuwa.

Haikuja mara moja ikaisha. Ilikwenda na kurudi kwa miaka mia tatu na zaidi. Mwaka 1665 ilipoingia London kwa mara ya mwisho kubwa, vitabu vya mji viliandika vifo karibu 70,000 vya tauni peke yake. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa kwa siku arobaini na wote waliokuwamo ndani, wazima na wagonjwa, na mlangoni ukachorwa msalaba mwekundu. Bakteria anayeleta ugonjwa huo aligunduliwa Hong Kong mwaka 1894 na daktari aitwaye Alexandre Yersin. Leo anaitwa Yersinia pestis. Lile neno la Warumi limo humo hadi leo, limekaa kimya ndani ya jina la kitaalamu.

Nanyi msidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Tauni iliingia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1980, na ikasumbua vijiji vya huko kwa miaka zaidi ya ishirini.

Sasa, neno la kutisha namna hiyo limewezaje kuishia kwa mtoto aliyeshika sketi? Kwa laana. Mtu akikasirika hutafuta neno zito kuliko yote alilonalo. Waingereza wa zamani wakigombana walitakiana tauni. Mwanzoni ilikuwa laana ya kweli. Lakini laana ikisemwa asubuhi kwa mbuzi, mchana kwa mpishi na jioni kwa mtoto, inapungua kama kipande cha sabuni, kila anayekishika anaondoka na kidogo. Baada ya miaka mia na zaidi ya kugombana, kilichobaki mkononi ni maneno ya kumfukuzia nzi.

Nanyi mnafanya hivyohivyo, tena kila siku. Balaa ni nini? Kwa Kiarabu kilikotoka, na kwa Kiswahili cha wazee, balaa ni msiba, ni janga linaloshuka juu ya watu. Lakini juzi nimewasikia machalii pale stendi wakisimulia mechi: "Yule winga ni balaa!" Walikuwa wanamsifu. Hatari nayo imekuwa hivyohivyo. Mtu akivaa viatu vizuri hapa Chuga, yaani Arusha, anaambiwa ni hatari, na hakuna anayekimbia.

Neno pest lilipata na mtoto. Karne ya 18, kwa wakulima wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, likatokea neno pesky, maana yake chenye kuudhi udhi: mbu wa pesky, mlango wa pesky usiofungika, swali la pesky kwenye mtihani. Wengi wanaliona ni tawi la shina lilelile la tauni. Hili limekwisha ukali kabisa.

Kuna jingine linalofanana nalo, pester, yaani kumsumbua mtu kwa kumrudia rudia, na watu hudhani ni ndugu wa damu. Si ndugu. Limetoka malishoni. Wafaransa wa kale walikuwa na neno la kumfunga mnyama miguu ya mbele ili ale majani pale pale, asitokomee. Aliyefungwa hivyo hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kila mchungaji wa Monduli anajua kumfunga punda namna hiyo. Neno likahama kutoka kwa mnyama likaenda kwa binadamu aliyezongwa na kazi, kisha likaja kuishi jirani na pest, sura zikafanana, watu wakasahau kuwa mmoja ni mgeni.

Hapo kwa Waingereza hadithi ingekwisha kwa kicheko. Kwetu haikwisha. Neno hilo lilikuja kwetu pia, na lilipokuja halikuwa limechakaa hata kidogo.

Lilikuja kwa Kijerumani. Wajerumani wana neno Rinderpest. Rinder ni ng'ombe, Pest ni ileile tauni. Kwa Kiswahili ugonjwa huo unaitwa sotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka ilishuka pwani ya Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli na jeshi la Waitalia. Ng'ombe wa Afrika walikuwa hawajawahi kuiona. Mnyama anapata homa, anatoa machozi mazito, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, na ndani ya wiki moja hadi mbili amelala. Ugonjwa ukateremka kusini kupita Ethiopia, na kufikia 1891 ulikuwa katika nchi ya Wamaasai. Kufikia 1897 ulikuwa umevuka bara na kuingia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Popote ulipopita, katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane, pengine tisa. Nyati nao walikufa, na pofu, na twiga.

Fikirini maana yake kwa Mmaasai wa wakati ule. Ng'ombe ni maziwa ya asubuhi na ya jioni. Ng'ombe ni mahari, ni dawa, ni faini, ni zawadi, ni jina la baba. Zizi likiwa tupu hakuna kilichobaki cha kula, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shamba. Juu ya njaa ikaja ndui. Machi 1892 msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alifika bonde la Ngorongoro, na katika vitabu vyake aliwaeleza watu aliowakuta huko: wanawake waliobaki mifupa, watoto wasio na nguvu ya kusimama, wazee wakitambaa kutafuta ngozi na mifupa ya kutafuna. Wamaasai wenyewe wanakiita kipindi hicho Emutai. Tafsiri yake haihitaji kupambwa. Ni kumalizika.

Waliosalia walikwenda wapi? Wengi walipanda huku. Kwenye miteremko ya Mlima Meru walikuwa wakiishi Waarusha, watu wa lugha moja na Wamaasai lakini waliokwisha kujifunza jembe, wana migomba, mahindi na maharage. Wakapokea wageni, wakachukua wanawake na watoto waliokuwa na njaa wakawafanya wa nyumbani. Zipo familia kati ya Sanawari na Ngaramtoni ambazo mkiulizia mababu mtaambiwa, sisi tulitoka tambarare. Hawakusema kila mara ni kwa nini walitoka.

Lile boma la Wajerumani pale mjini, ambalo leo ni makumbusho ya elimu ya viumbe na ambako mmepelekwa na walimu wenu, lilijengwa karibu na mwaka 1900. Maana yake sotoka iliwatangulia askari. Walipofika waliwakuta watu waliokwisha kupoteza karibu kila kitu. Wengine wakaandika makwao kwamba nchi hii ni tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa imetoka kuugua. Na pale ng'ombe walipoacha kula majani, vichaka viliota, na kwenye vichaka mbung'o wakapata nyumba mpya. Baadhi ya mapori ambayo leo watalii huyaona kuwa ya tangu Adamu yalikuwa malisho ya babu za watu.

Habari njema ipo, nayo ni nadra sana katika historia ya magonjwa. Kule Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo aitwaye Walter Plowright na wenzake walitengeneza mnamo 1960 chanjo ambayo sindano moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Chanjo ikatembezwa kijiji kwa kijiji kwa miongo kadhaa. Mara ya mwisho virusi vya sotoka kuonekana kwa mnyama porini au zizini ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Si Meru yetu, ni Meru ya Kenya, na jambo hilo huwachanganya hata watu wazima. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza kuwa sotoka imetoweka duniani. Kabla yake ugonjwa mmoja tu ndio uliokuwa umefutwa kabisa na binadamu, nao ni ndui, mwaka 1980.

Basi hiyo ndiyo safari ya neno la Kizungu. Lilizaliwa likiwa kifo, likashuka ngazi moja moja hadi likawa usumbufu. Sasa tazameni la kwetu, maana limepanda ngazi hiyohiyo kutoka chini.

Mkienda Ngaramtoni, upande wa kushoto mkitoka mjini kama mnaelekea Namanga au upande wowote mtakaoelekezwa na bodaboda, mwulizieni mtu yeyote TPRI. Ni taasisi ya siku nyingi. Ilianza Uganda katika miaka ya 1940 kama kikosi kidogo cha kutafiti dawa za kuua wadudu, ikahamia Arusha, ikawa ya Afrika Mashariki yote, na baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika ikawekewa sheria yake ya Tanzania mwaka 1979. Katika zile herufi nne, P ni ya pesticides, yaani neno letu la makaburini limeandikwa getini Arusha kwa zaidi ya nusu karne. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliibadilisha ikawa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Wakazi wanaendelea kuiita TPRI.

Viuatilifu. Litamkeni polepole. Ki-ua-tilifu. Kutilifu ni kuharibu mali, kuiteketeza, kwa hiyo kiuatilifu ni chenye kumuua mharibifu. Lina heshima ya neno la kitabuni. Lakini huyo mharibifu mwenyewe, mkisoma vijarida vya mabwana shamba, anaitwa nani? Anaitwa kisumbufu. Visumbufu vya mimea. Ndiyo, kutoka kusumbua. Ni lilelile mnalotumia mnaposema, "Mama, Juma ananisumbua." Kwa hiyo katika karatasi za serikali nzige ni kisumbufu, kwelea kwelea ni kisumbufu, na kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika akaonekana Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa katika mahindi yetu, naye ni kisumbufu.

Mimi jina hilo naliona dogo mno, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka 2014, katika kijiji cha Ngabobo, Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, wakulima wa nyanya waliona kitu kipya. Ngarenanyuki ni jina la Kimaasai la maji mekundu, na ni ardhi ambayo Wameru waliipigania: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu na kuchoma nyumba zao ili kupisha ranchi za walowezi, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Hiyo ni hadithi ya usiku mwingine. Nawaambia tu ili mjue kuwa watu wa huko hawatishiki upesi.

Lakini safari hii walitishika. Majani ya nyanya yalikuwa na madoa meupe kama yamebabuliwa. Ukilishika jani juani, unaona njia ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na katika njia hiyo kiwavi mdogo anakula. Kisha anaingia kwenye tunda. Nyanya inaonekana nzima, ina kitundu tu karibu na kikonyo, ukiipasua ni usaha. Mama yake ni nondo wa kijivu, urefu wake kama wa punje ya mchele, na mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260. Ndani ya mwezi mmoja hivi mayai yamekuwa nondo wengine. Shamba lisiposhughulikiwa linaweza kwenda lote.

Watafiti wa Ngaramtoni walimtambua: ni Tuta absoluta, aliyeandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Peru mwaka 1917, akafika Hispania mwaka 2006, akazunguka Bahari ya Kati, akashuka na Afrika. Wakulima hawakuhitaji jina la Kilatini. Wao walimwita Kantangaze. Mkilisikiliza vizuri mnasikia ndani yake mtu akijigamba: nenda kanitangaze! Hilo ndilo jina lenye akili. Mdudu amekuja, amekushinda, na anakutuma wewe mwenyewe ukawapelekee majirani habari zake.

Wanaijeria walimpa jina kali zaidi. Mwaka 2016 alipoteketeza mashamba ya jimbo la Kaduna, wakamwita Ebola ya nyanya. Mnaona? Walipotaka neno la kumtosha mdudu, walikwenda kulitafuta kwenye tauni ya zama zao. Walifanya kile walichofanya Waingereza, ila wao hawakuwa wanatania.

Ndiyo maana nikasema kisumbufu ni dogo. Mtu aliyekopa pesa za mbegu, mbolea na dawa, akamwagilia miezi mitatu kwa zamu ya mfereji ya saa nane za usiku, halafu akabaki na kreti mbili za nyanya zilizotobolewa, huyo hajasumbuliwa. Amefilisika. Lakini Kiswahili chetu cha ofisini kina tabia ya kuvika jambo kubwa nguo ya mtoto. Kijiji kikikaa mwaka mzima bila maji, kiongozi anakuja kusikiliza kero. Kero! Nzi sikioni ni kero. Mama anayebeba ndoo kilometa tano na mtoto mgongoni hana kero, ana kitu kingine.

Upo upande wa pili, nao lazima niwape, maana nikiuficha mtanilaumu mkikua. Kisumbufu ni cha nani? Tembo akitoka Hifadhi ya Arusha usiku akaingia kwenye mahindi ya Ngarenanyuki, mtalii aliyempiga picha asubuhi ileile angeshangaa kusikia anaitwa mharibifu. Serikali yenyewe ina msemo wa kisheria, wanyamapori wakali na waharibifu, na ina malipo kwa aliyeharibiwa. Haiyaiti fidia. Kwa mazao ni kifuta jasho, na kwa aliyefiwa ni kifuta machozi. Kanuni zake ni za mwaka 2011. Hayo ni majina mazuri, nakiri, ila jasho la ekari moja ya mahindi ni jingi kuliko kitambaa hicho.

Na panya, aliyebeba viroboto wa tauni? Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina kituo cha kuchunguza viumbe waharibifu, na palepale chuoni shirika la APOPO linawafundisha panya-buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hukohuko Morogoro, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya sabini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza linalotuza wanyama mashujaa. Hakuwahi kulipua bomu kwa kulikanyaga, alikuwa mwepesi mno.

Majina haya ya wadudu hatukuwaachia wadudu tu. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, hapahapa mjini mwetu, na kwa miaka iliyofuata, mtu aliyeishi kwa jasho la wenzake aliitwa kupe kwenye mikutano na magazetini. Zanzibar hadi leo kijana anayemfuata mtalii barabarani, nikupeleke hoteli, nikupeleke dukani, anaitwa papasi, na papasi ni ndugu yake kupe, yule wa kwenye nyufa za nyumba za udongo anayeleta homa. Kijana wa kazi hiyohiyo hapa Arusha anaitwa kwa jina la Kiingereza la ndege mla nzi, flycatcher. Mimi kwa kweli silipendi hata moja kati ya hayo majina mawili ya mwisho. Kijana anatafuta ugali. Lakini ukimwuliza mtalii aliyefuatwa kutoka Mnara wa Saa mpaka Soko Kuu, yeye atakuwa na neno lake, na nadhani mnalijua ni herufi ngapi.

Kimebaki kisumbufu kimoja ambacho mnakanyaga kila siku mkienda shule. Si mdudu wala mnyama, maana kwa wataalamu wa Ngaramtoni hata mmea unaweza kuwa kisumbufu. Kandokando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa, kwenye kingo za mifereji, kuna mmea wenye majani kama ya karoti na vichwa vidogo vyeupe vya maua. Unaitwa gugu karoti. Asili yake ni Amerika, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Ng'ombe akiula, maziwa yanakuwa machungu. Mtu akiushika mara kwa mara ngozi inawasha na kuvimba, na wenye pumu hubanwa kifua. Wasichana wadogo nimewaona wakiuchuma kutengeneza shada la bibi harusi, kwa sababu kusema kweli ua lake ni zuri. Mkitaka kuung'oa, vaeni glavu au mfuko wa nailoni mkononi, ung'oeni na mizizi, na mfanye hivyo kabla haujachanua.